Si paa lililokula fedha za Sydney

Kila likitajwa jengo la utamaduni lenye umbo lisilozoeleka, iwe ukumbi, makumbusho au maktaba ya jiji, hakosi mtu wa kuuliza, "Mnataka yatukute ya Sydney?" Juzi nimelisikia tena kikaoni, kwa mhandisi mzima. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Basi tuhesabu.

Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia, likaisha kwa milioni 102, miaka 10 nyuma ya ratiba. Hapo sibishi. Lakini watu hutazama picha, wakaona yale maganda meupe ya paa, ya msanifu Jørn Utzon, yaliyotunga kama matanga ya jahazi, wakahukumu kwamba ndiyo yaliyomaliza fedha. Fungueni mchanganuo! Awamu ya kwanza, kitako cha jengo, takriban milioni 5.5. Awamu ya pili, paa lenyewe, takriban 12.5. Awamu ya tatu, kumbi za ndani, vioo na umaliziaji, 56.5. Zilizobaki ni vifaa vya jukwaani na ada. Hata ukilibebesha paa ada zote, takriban milioni 16.5, halifiki theluthi ya gharama.

Tena paa liliokolewa na ubunifu uleule unaolaumiwa. Mwanzoni kila ganda lilikuwa na mkunjo wake, na haikujulikana lijengwe vipi. Mwaka 1961 likapatikana jibu: maganda yote yakatwe kwenye tufe moja lenye nusu kipenyo cha takriban mita 75. Mkunjo ukawa mmoja, vipande vya zege vikamwagwa kwa kalibu zilezile. Mkandarasi yeyote anajua faida ya kurudia kalibu.

Fedha zilipotelea kwingine. Ujenzi ulianza Machi 1959 michoro haijakamilika, kwa sababu Joe Cahill, aliyeongoza serikali ya jimbo la New South Wales, alihofia siasa zingeuua mradi. Nguzo zikasimamishwa kabla uzito wa paa haujajulikana. Ulipojulikana, zikaonekana dhaifu, zikajengwa upya. Mwaka 1965 serikali ikabadilika, malipo yakazuiwa, na Februari 1966 Utzon akajiuzulu. Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi: mteja, yaani serikali, akabadili matumizi ya kumbi jengo limeshasimama. Ukumbi mkubwa, uliokusudiwa opera na matamasha pia, ukaachiwa matamasha tu. Mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Opera ikasukumwa kwenye ukumbi mdogo, wenye shimo finyu la okestra. Fanya hivyo kwenye ghala la mabati, uone kama bei haitapanda.

Hulipendi umbo? Sema hulipendi, ni haki yako, na jiji linastahili kubishana juu ya sura yake. Usijifiche nyuma ya hesabu ambazo hujazisoma.

Liko moja linalonitatiza. Kanuni ya fani yetu ni kwamba kazi haianzi bila michoro kamili, na huwa naisimamia bila huruma. Cahill alifariki Oktoba 1959, miezi saba tu baada ya ujenzi kuanza. Angeisubiri michoro, naamini mradi ungezikwa naye. Ningekuwa mkadiriaji wake ningekataa kusaini, na hadi leo naona ningekuwa sahihi. Ila mkazi wa Sydney akiniuliza kama ingekuwa heri jengo lile lisiwepo, siwezi kumjibu ndiyo.