Mwamba "uliobadilika": maana yake kwa mtafutaji wa dhahabu

Mjiolojia akisema mwamba wa volkano "umebadilika", hazungumzii miamba metamofiki ya darasani, ile iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Ana maana kwamba maji moto yalipita humo zamani, yakayeyusha baadhi ya madini na kuacha mengine mahali pake. Ni alama ya kutafutwa kabla ya dhahabu yenyewe, kwa kuwa dhahabu mara nyingi haionekani kwa macho. Tani nzima ya mwamba yenye gramu 5 ni mali, na gramu hizo ukizikusanya ni kama punje moja ya mahindi.

Shika vipande viwili. Lava ya andesiti ambayo haijaguswa ni ya kijivu iliyokoza, na ukiigonga kwa nyundo inalia. Iliyobadilika imepauka, kisu kinaikwaruza bila taabu, na ukiigusisha ulimi inanata, kwa sababu feldispa zake, madini yanayounda sehemu kubwa ya mwamba huo, zimegeuka udongo mfinyanzi. Naam, wajiolojia hulamba mawe. Madoa ya kutu juu yake ni pairiti, madini ya chuma na salfa, iliyooza kwa mvua na hewa.

Mara nyingi mabadiliko hayo hupangika kuuzunguka mshipa, yaani ufa wa mwamba uliojazwa madini: mbali kuna ukijani wa madini ya kloraiti, karibu kuna udongo mweupe, halafu kwatzi. Ukitembea huku unachora ramani ya rangi hizo, unasogea kwenye njia ya maji yale.

Kinachoifanya dhahabu itue hasa ni mchemko. Ndani ya maji, dhahabu husafiri ikiwa imeshikamana na salfa. Maji yakipanda, mgandamizo hupungua, yanachemka, gesi yenye salfa inatoroka, na dhahabu iliyokosa wa kuibeba inabaki pale pale. Mchemko huacha vibapa vyembamba vya kalsaiti (madini ya chokaa) vilivyokatizana, ambavyo baadaye kwatzi huchukua nafasi yake na kuhifadhi umbo lake. Jiwe la namna hiyo linanifurahisha kuliko chenga inayometameta, ambayo huwa pairiti tu. Mgodi wa Hishikari huko Japani, uliofunguliwa 1985, huchimba mishipa ya kwatzi iliyoletwa na maji moto ya volkano, yenye makumi ya gramu za dhahabu kwa tani.

Hata hivyo, miamba mingi iliyobadilika haina kitu. Ndiyo maana sampuli za udongo hupimwa pia aseniki na antimoni, elementi zinazoandamana na dhahabu lakini husambaa mbali kuliko dhahabu yenyewe, kabla mashine ya kuchoronga haijaletwa.