Upepo wa Kusi Unapolegea: Namna ya Kuandika Tunachokiona Kabla ya Vuli

Kuanzia katikati ya Septemba, sisi tunaofanya kazi ya hali ya hewa visiwani Zanzibar huulizwa swali moja kwa sura nyingi: vuli ya mwaka huu itakuwaje? Muulizaji mara nyingi huja na ushahidi wake. Mmoja ameona upepo wa matlai umeanza kuvuma asubuhi mapema kuliko mwaka jana, mwingine ameona miembe ya shambani kwao imechanua kwa wingi, na wa tatu, mvuvi wa Kojani, Pemba, aliyekwishafunga mizigo ya dago (kambi ya wavuvi), anasema bahari imelala kabla ya wakati wake. Nayathamini sana mazungumzo hayo, kwa sababu watu hawa hutazama mbingu na bahari kila siku kwa mapenzi na kwa haja ya maisha yao, na vituo rasmi vya kupimia ni vichache mno kuweza kuiona kila shehia. Ninachowaomba ni jambo moja: tuliloliona tuliandike mbali na tunalolitarajia, kwani mambo hayo mawili yakichanganywa katika sentensi moja, yote mawili hupoteza thamani.

Tuanze na neno lenyewe. Vitabu vya jiografia vya skuli hulitumia neno vuli kwa majira ya Ulaya yanayoanza Septemba, majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika. Kwetu vuli ni mvua za muda mfupi za Oktoba hadi Disemba. Hata hivyo, majira hayo mawili yana chanzo kimoja. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta kuelekea kusini. Ulaya na Asia huanza kupoa, nasi huanza kuliona jua likisogea utosini. Pemba, iliyo karibu na digrii 5 kusini ya ikweta, jua la mchana hufika juu kabisa ya kichwa kwenye tarehe 6 Oktoba hivi, na Mjini Unguja, karibu na digrii 6, siku mbili tatu baadaye. Mtu yeyote anaweza kulishuhudia hilo kwa kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani: dakika chache baada ya saa sita mchana kivuli hujikusanya chini ya kijiti mpaka kikatoweka, na wale wanaofuatilia kuingia kwa adhuhuri kwa kivuli wanazijua vyema siku hizo.

Jua linaposogea, ukanda wa mvua ulio karibu na ikweta hulifuata, lakini kwa kuchelewa. Mgandamizo mkubwa wa hewa wa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, ambao tangu Aprili ulikuwa ukiusukuma upepo wa kusi kuja kwetu, hupungua nguvu. Na bara la Asia, lililokuwa likiuvuta upepo huo kwa joto lake, hupoa. Ndipo kusi hulegea. Mabaharia wetu wa zamani waliyapa majira haya majina yenye usahihi ambao mtaalamu wa leo hana budi kuuheshimu: demani kwa siku za mwisho za kusi, upepo unapokuwa mpole, na tanga mbili, au maleleji, kwa kipindi ambacho upepo hauna upande maalumu, kabla ya kaskazi kushika njia yake. Maji ya bahari yaliyopozwa na kusi huanza kupata joto, mvuke huongezeka hewani, na mawingu ambayo tangu Julai yalikuwa yakipita chinichini kwa haraka huanza kusimama na kupanda juu kama minara.

Wakulima nao walikuwa na hesabu yao. Walihesabu mwaka wa Nairuzi, ule ambao Makunduchi huuadhimisha kwa Mwaka Kogwa, kwa miongo ya siku kumikumi, na kila kazi ya shamba ikawa na mwongo wake. Hesabu hiyo ni ya siku 365 bila ya siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, kwa hiyo mwongo uleule husogea polepole ukilinganishwa na jua. Anayeuandika mwongo katika daftari lake afanye hivyo, lakini aandike na tarehe ya kalenda pembeni, ili atakayesoma baada ya miaka 30 asipotee.

Daftari lenyewe halina gharama kubwa. Kipimo cha mvua kinaweza kuwa chombo chochote ambacho kuta zake zimenyooka na upana wa mdomo wake ni sawa na wa kitako chake. Kiwekwe uwanjani, mbali na mnazi, paa au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Kisomwe kwa rula saa tatu kamili asubuhi, saa ambayo vituo rasmi navyo husoma, halafu maji yamwagwe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Tahadhari zinazotolewa nchini huihesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa paa la mita za mraba 40, kiwango hicho ni lita 2,000, yaani tangi zima la maji lililomwagika juu ya nyumba moja kwa siku moja. Mtu akishaifanya hesabu hii kwa paa lake mwenyewe, maneno ya tahadhari huacha kuwa maneno matupu.

Nitoe mfano wa namna ya kuandika. Mtu wa Mtambwe anaweza kuandika hivi: "3 Oktoba, saa tatu asubuhi. Mvua 0. Upepo wa kusini-mashariki, makuti ya mnazi yanacheza, shina halitikisiki. Saa nane mchana upepo umesita, mawingu mazito upande wa bara, radi haikusikika." Katika mistari hiyo hakuna neno hata moja kuhusu vuli itakavyokuwa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Miaka kumi baadaye itakuwa ingali kweli. Mtu huyohuyo angeandika "dalili za vuli kubwa zimeanza", tungebaki na maoni yake bila ya kujua aliona nini.

Madaftari mengi niliyowahi kuonyeshwa yana kasoro moja, nayo ni kuandika siku za mvua tu. Siku iliyoachwa wazi haisemi kitu: haijulikani kama mvua haikunyesha, au mwenye daftari alikuwa amesafiri. Sufuri ni kipimo kamili, na ndiyo inayotuwezesha kuhesabu urefu wa kipindi cha ukavu baina ya mvua moja na nyingine, jambo ambalo kwa mkulima lina uzito kuliko hata jumla ya mvua ya msimu mzima.

Sasa nije kwenye dalili za asili, ambazo zinastahili kuzungumzwa kwa uangalifu. Vitwitwi, ndege wa pwani wanaojaa kwenye tope maji yanapokupwa, kuanzia Agosti na Septemba, wamekimbia baridi inayoingia katika nchi za kaskazini walikozaliana. Kufika kwao kunatupa habari za huko, wala si za mvua yetu. Mwembe huchanua vizuri baada ya kipindi kikavu chenye ubaridi, kwa hiyo wingi wa maua ni kumbukumbu ya kipupwe kilichopita. Kerengende wa rangi ya dhahabu (namkusudia mdudu, si ndege) wana kisa cha ajabu zaidi. Watafiti waliowafuatilia Maldives wanaeleza kwamba makundi yao hutoka India, hupita visiwa hivyo kuanzia Oktoba na kufika Afrika Mashariki mwezi wa Novemba na Disemba, yakichukuliwa na upepo ulioambatana na ukanda wa mvua, ili wakatage mayai katika madimbwi mapya. Basi wazee waliowahusisha kerengende na mvua waliona sawasawa. Tofauti ni kwamba mdudu huyo anasafiri pamoja na mvua na hawezi kutuambia itakuwa nyingi kiasi gani. Simwombi mtu aziache dalili hizi. Namwomba aandike tarehe aliyoziona kila mwaka, kwa sababu dalili iliyoandikwa kwa miaka 20 inaweza kupimwa kwa takwimu, na ile iliyobaki kichwani hukumbukwa tu katika mwaka iliposadifu.

Utabiri wa msimu hutoka katika chanzo kingine, nacho ni joto la bahari. Bahari hubadilika taratibu, kwa hiyo hali yake ya Agosti inabeba habari za Novemba, na vuli husikiliza bahari kuliko masika yanavyoisikiliza. Kwa kawaida, katika miezi hii, hewa yenye unyevu huelekea Indonesia na kupanda huko, na upande wetu hewa hushuka. Lakini iko miaka ambayo maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, huwa ya moto kuliko wastani, na yale ya pwani ya Sumatra huwa ya baridi. Wanasayansi waliielezea hali hii mwaka 1999 na kuiita dipoli ya Bahari ya Hindi. Inapokuwa chanya, yaani kama nilivyoieleza, upepo wa mashariki huleta unyevu kwetu na vuli hunenepa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na 2023, pamoja na El Nino, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida. Mwaka 2019 unafundisha zaidi, kwa sababu hakukuwa na El Nino ya nguvu katika Pasifiki, ila dipoli ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, na mvua zilizidi sana katika Afrika Mashariki. Dipoli ilipokuwa hasi, yaani kinyume chake, mwaka 2016 na 2022, maeneo mengi ya ukanda huu yaliona ukavu. Kwa hiyo anayefuatilia habari za El Nino peke yake anatazama bahari ya mbali na kuisahau iliyo mlangoni kwake.

Wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya msimu kulinganisha hesabu zao, kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayohudumia Bara na Zanzibar, hutoa mwelekeo wa vuli kwa maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, Unguja na Pemba zikiwemo. Maneno yake yana vipimo. "Wastani" ni mvua iliyo baina ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Chini ya hapo ni chini ya wastani, na juu ya hapo ni juu ya wastani. Tuseme utabiri unatoa nafasi ya asilimia 45 kwa juu ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa chini ya wastani. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi ya namna hiyo, miwili hivi itakuwa mikavu, na utabiri haukukosea. Mkulima mwenye busara huegemea upande wenye nafasi kubwa, na bado huacha akiba ya pando kwa ajili ya ile miwili.

Jambo jingine ambalo utabiri wa msimu haulibebi ni shamba lako. Pemba hupata mvua zaidi ya Unguja, na magharibi mwa Unguja, penye udongo mzito, hupata zaidi ya mashariki kwenye maweni. Wingu moja la Oktoba linaweza kulowesha Mahonda na kuiacha Jambiani na vumbi. Mvua ya kwanza ya demani nayo huwahadaa wengi: hunyesha siku mbili, mihogo na kunde hupandwa, kisha jua hukaa wiki mbili. Mwenye karafuu jamvini anataka siku kavu mfululizo, mwenye mwani kwenye chanja vilevile, ilhali jirani yao mwenye viazi anaomba mvua. Kwa hawa utabiri wa siku tano una faida kubwa kuliko ule wa miezi mitatu, na ni vyema kila mmoja ajue anasoma upi.

Tunapopashana habari katika makundi ya simu, picha ya wingu itajwe tarehe, saa na mahali ilipopigwa. Picha ya mwaka juzi iliyosambazwa leo imewahi kuwarudisha wavuvi pwani bila ya sababu, na mara ya pili hawakurudi ilipokuwa lazima. Tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 isambazwe kama ilivyotolewa, bila ya kuongezwa wala kupunguzwa.

Kipimo kiwe tayari uwanjani kabla ya siku ile kijiti kinapokosa kivuli. Mwisho wa Disemba jumlisha milimita zako za miezi mitatu, hesabu kipindi kirefu zaidi cha sufuri, kisha chukua utabiri uliotolewa kabla ya msimu na uandike pembeni mwa hesabu hizo, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa umetarajia kinyume chake.