Kwa nini nukta ya simu hukutupa majini pale Likoni

Simama upande wa kisiwani pale feri ya Likoni, Mombasa, soma kodineti za UTM kwenye simu (namba mbili za mita, ya mashariki na ya kaskazini), kisha uzitie kwa penseli kwenye ramani ya karatasi ya Survey of Kenya, ile ya 1:50,000. Penseli itaangukia majini, ndani ya mkondo wa Likoni. Simu haina kosa na ramani nayo haina kosa. Kila mmoja anahesabu kutoka msingi wake, na wengi wanaobeba vyote viwili hawana habari.

Msingi huo ndio datumu: makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali vipimo vinapoanzia. Ramani zetu za mfululizo wa Y731, yaani hizi za 1:50,000, zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS inatumia datumu nyingine, WGS84. Hapa Mombasa, kwenye gridi ya UTM kanda ya 37, tofauti yake ni kama mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 95 mashariki-magharibi. Kwenye karatasi hizo ni milimita 6 na karibu milimita 2. Kwa anayetafuta mtaa si neno. Kwa anayetafuta kisima, jiwe la mpaka au njia ya kupita kwenye mikoko ya Tudor, amepotea.

Dawa yake ni rahisi. Ukiwa na programu ya GPS inayokubali kubadilisha datumu, ingia kwenye mipangilio, chagua Arc 1960, kisha UTM. Isipokubali, hesabu mwenyewe: kwenye namba ya mashariki toa 95, kwenye namba ya kaskazini ongeza 300. Mfano: simu ikiwa Fort Jesus inasoma takriban 575 400 mashariki na 9 550 900 kaskazini. Kwenye karatasi utaweka 575 305 na 9 551 200. Hesabu hii inatosha kwa ramani ya 1:50,000, ambako mita 10 ni unene wa mstari wa penseli iliyochongwa vizuri. Kwa kazi ya mipaka ya ploti haitoshi hata kidogo. Hiyo mwachie mpima mwenye leseni.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Programu moja itaandika kanda yetu 37S, ikimaanisha kusini mwa ikweta. Nyingine itaandika 37M, kwa kuwa M ndiyo herufi ya mkanda unaoanzia ikweta hadi nyuzi 8 kusini. Zote mbili zinasema jambo moja. Lakini ukiichukua 37S ukaitia kwenye programu inayosoma herufi za mikanda, itakupeleka kaskazini ya mbali, kwa sababu kwake S ni mkanda wa nyuzi 32 hadi 40 kaskazini. Kabla hujamtumia mtu kodineti, mwandikie na datumu yake. Namba tupu bila datumu ni nusu ya habari.

Sasa ule mviringo wa buluu unaoizunguka nukta. Watu huuona kama ukuta, kwamba lazima uwe ndani yake. Kwenye simu za Android mviringo huo una uwezekano wa asilimia 68 tu, yaani mara moja katika kila tatu hivi uko nje yake. Uwanjani Makadara, mbingu zikiwa wazi, simu nzuri hukosea kwa mita 5 hivi. Ingia vichochoro vya Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu kuelekea Kibokoni, na mambo yanageuka. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yakifika chini ni dhaifu mno. Kuta ni za mawe na chokaa, roshani zimetokeza juu, mabati yanarudisha mawimbi kama kioo. Simu inapokea wimbi lililogonga nyumba ya jirani kwanza, inadhani setilaiti iko mbali zaidi ya ilivyo, na nukta inaruka hadi mtaa wa pili. Tena kichochoro chembamba kinaacha ukanda mmoja tu wa anga, ilhali simu inahitaji setilaiti zisizopungua 4, na zilizotawanyika. Zikijipanga mstari mmoja juu ya kichochoro, unajua uko umbali gani kwenye urefu wake, lakini upande wa kushoto na kulia ni kubahatisha. Humo mimi husema hesabu kona na misikiti. Nukta iache mfukoni.

Jua likishatua kuna tatizo la aina nyingine. Pwani yetu iko kwenye ukanda ambao tabaka la juu la anga, lile lenye chembe za umeme, huchafuka usiku, zaidi kuelekea Machi na Septemba na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Mawimbi hupepesa na kipokezi hupoteza setilaiti moja baada ya nyingine. Mabaharia wana hofu kubwa zaidi, ya mawimbi ya setilaiti kuvurugwa makusudi: Mei 2025 meli ya makontena ilikwama karibu na Jeddah wakati GPS ikivurugwa katika Bahari ya Shamu.

Na usisahau kwamba simu hupata nafasi haraka kwa kuwa intaneti inaisaidia. Bila bando, na ikiwa imezimwa muda mrefu, inabidi isubiri setilaiti zenyewe zitume ratiba yao kwa biti 50 kwa sekunde. Ujumbe mzima huchukua dakika 12 na nusu.

Karatasi nayo ina maradhi yake, na la kwanza ni fotokopi. Nakala nyingi zinazouzwa zimepunguzwa au kuvutwa bila mtu kujua. Weka rula juu ya gridi: kila mraba ni kilomita 1, kwa hiyo miraba 10 lazima iwe sentimita 20 kamili. Pima kwa upana, kisha kwa urefu. Ukipata 19.4 upande mmoja na 20 upande mwingine, karatasi imevutwa na usiipimie umbali wowote. Ikiwa pande zote mbili ni 19.4, bado inafaa, ila maandishi ya 1:50,000 sasa ni uongo. Tumia skeli ya mstari iliyochorwa chini, kwani imepungua pamoja na ramani. Hata karatasi halisi hunywa unyevu wa Pwani ikatanuka, hasa wakati wa masika. Itie kwenye mfuko wa plastiki usio na rangi na uikunje ili eneo lako lisiangukie kwenye mkunjo, maana hapo ndipo wino huanza kutoka.

Dira haina shida sana kwetu, kwani tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli haifiki nyuzi 2. Ila usiisome ukiwa juu ya feri au karibu na makontena. Chuma kile kitaigeuza.

Maradhi ya pili ya karatasi ni umri. Tazama pambizoni mwaka picha za angani zilipopigwa, wala si mwaka wa kuchapwa pekee. Karatasi nyingi hazina stesheni ya reli ya SGR ya Miritini, iliyoanza kazi 2017, wala barabara ya Dongo Kundu. Vichore mwenyewe kwa penseli ya 2B: chukua nukta kila barabara inapopinda, zisahihishe kwa 95 na 300, ziunganishe, uandike tarehe pembeni. Kalamu ya wino usiiguse, kwa sababu barabara ikihamishwa utataka kufuta.