Grili ya Spika: Maana Yake, na Ukingo wa Mbao Unavyogusa Sauti

Grili ya spika ni ile sehemu ya mbele ya kasha inayokinga koni, yaani ile sehemu ya spika inayotikisika na kutoa sauti, dhidi ya vidole, vumbi na kucha za paka, huku ikiiachia sauti njia. Huweza kuwa kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, bati lenye matundu, sponji, au kimia cha mbao chenye nakshi. Nalipenda hapa neno kuwamba. Ngoma huwambwa ili ngozi ilie. Grili huwambwa ili kitambaa kinyamaze. Kikilegea, kitapigapiga kila besi inaposukuma hewa. Kikiwa kizito, kitameza sauti nyembamba.

Ukingo wa mbao nao ni vipande vya mbao ngumu vinavyozungushwa kwenye uso wa kasha ili kuficha kingo za plaiwudi na kuipa spika sura ya samani. Wapenzi wa spika za zamani huviongeza pamoja na grili mpya, na wengi huviona kuwa urembo mtupu. Hapo ndipo sauti inapoharibikia.

Mfano mzuri wa kiu ya urembo huo ni spika za Altec Lansing za Marekani ziitwazo Voice of the Theatre, zilizotoka mwaka 1945 kwa ajili ya majumba ya sinema. Zilikaa nyuma ya pazia la picha, na pazia lenyewe lilitobolewa vitundu ili sauti ipite. Kwa hiyo pazia ndilo lililokuwa grili yao, na kasha likabaki plaiwudi iliyopakwa rangi ya kijivu, maana hakuna mtazamaji aliyeliona. Baadaye watu wakazipenda nyumbani, hasa modeli iitwayo A7, na sebuleni sura ile haikukubalika. Kampuni yenyewe ikatengeneza toleo la A7 la kukaa na makochi, likaitwa Magnificent, na ikauza pia Valencia, ambayo uso wake ulifunikwa kwa kimia cha mbao. Anayeivalisha A7 mbao leo anafanya kazi ambayo kiwanda kiliwahi kuifanya.

Sponji ina hadithi fupi. Spika ya JBL L100 ya mwaka 1970 ilipata umaarufu kwa grili yake ya sponji iliyochongwa kama vipande vya chokoleti, mojawapo ikiwa ya rangi ya chungwa. Sponji ya umri huo huoza ikawa unga unaonata, na unga huo huangukia koni. Ikianza kumomonyoka, itoe tu.

Sasa tuje kwenye ukingo. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Mtetemo wa Hz 100, yaani mara 100 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa mita 3.4, lakini wa Hz 10,000 una wimbi la sentimita 3.4 tu. Mbele ya besi, ukingo uliotokeza sentimita 2 ni kama haupo. Mbele ya sauti ya matoazi, ukingo huohuo ni ukuta. Wimbi dogo linapougonga, sehemu yake hurudi na kusambaa upya kutoka pale pembeni, na sikio linapata sauti ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, pamoja na kivuli chake kilichochelewa kidogo mno. Mitetemo mingine husikika zaidi, mingine hupungua. Harry Olson wa kampuni ya RCA alichapisha mwaka 1951 vipimo vya makasha ya maumbo mbalimbali: tufe, lisilo na kona yoyote, lilitoa sauti iliyopanda na kushuka kidogo kuliko yote kutoka mtetemo mmoja hadi mwingine. Hata spika zinazoheshimiwa kama AR-3a zina fremu ya mbao iliyotokeza mbele ya ubao uliobeba spika, kwa hiyo usidhani kiwanda hakikosei.

Kwa maoni yangu, ukingo mzuri ni ule unaolingana na ubao wa mbele, au ukitokeza, uwe umechongwa mshazari kuelekea ndani, nyuzi 45 hivi, au kuviringwa. Fremu ya grili ifanyiwe vivyo hivyo: vijiti vyembamba, pembe za ndani zimekatwa, na kipande chochote cha katikati kipite mbali na twita. Paka uso wa fremu rangi nyeusi kabla ya kuwamba, la sivyo mbao itaonekana kupitia kitambaa.

Kitambaa kipime kwa pumzi. Kiweke mdomoni upulize. Ukihisi kizuizi, kirudishe dukani. Kisha kining'inize mbele ya spika inayopiga wimbo unaoujua vizuri, ukitoe na kukirudisha. Ukisikia tofauti, bado si chenyewe. Wakati wa kuwamba, anza kubana katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona, huku ukiangalia nyuzi zisipinde. Jicho huona msokoto wa nyuzi haraka kuliko kosa lolote la seremala. Acha nafasi kati ya kitambaa na koni ya wufa, ile spika kubwa ya besi, kwani koni hutoka nje inapopiga kwa nguvu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usipigilie misumari kasha la asili, wala usiibandue vinia yake, lile tabaka la mbao lililobandikwa juu ya kasha. Vinia ya zamani ni nyembamba sana, na msasa wa mashine huitoboa kwa sekunde chache. Shikiza grili kwa sumaku au vishikizo vya kunata, na ukingo uufunge kwa skrubu kutoka ndani inapowezekana, ili atakayerithi spika aweze kuvitoa. Chini ya fremu bandika vipande vya kitambaa kizito na laini. Kisha piga besi polepole kutoka chini kwenda juu huku umeweka kiganja kwenye grili. Panapotetemeka utapasikia kwa mkono kabla ya sikio.