Siku ya mafuriko au joto kali, ambulensi itachelewa, jua cha kufanya

Mvua kubwa ikipiga mjini, idara ya dharura inapigwa pande mbili kwa mpigo, wagonjwa wanaongezeka na hapo hapo barabara imekatika, umeme hamna, maji ya bomba yamechafuka, na nesi wa zamu ya usiku naye yuko kwake anachota maji sebuleni. Beira, Msumbiji, Machi 2019 kimbunga Idai kiliharibu hospitali kuu, barabara ya kuingia mjini ikakatika, na ndani ya wiki mbili kipindupindu kikatangazwa.

Na sio miji maskini tu jamani. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipofika New York, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, ila pampu za mafuta zilikuwa chini kabisa kwenye basimenti, zikazama, ikabidi watu wapange foleni kwenye ngazi wakipandisha mafuta kwa mikono, na bado mwisho wa siku wagonjwa wakahamishwa. Pampu tu hizo! Kwa hiyo wewe uliye kwenye bodi ya hospitali, kabla hujaomba ambulensi mpya, nenda kaangalie pampu na mitungi ya oksijeni vimekaa wapi.

Joto mi naliogopa zaidi, manake halipigwi picha likaonekana. Karachi, Juni 2015, walikufa watu zaidi ya 1,000, umeme unakatika katika, mochwari zikajaa. Mjini zege na lami vinashika joto mpaka usiku, mwili haupati pa kupumzika, na wazee ndo wanaanza kuanguka.

Sasa ukiona mtu kwenye joto kali anaongea ovyo, anayumba au anapata degedege, mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, na hata kama bado anatoka jasho usidanganyike eti sio chenyewe. Piga simu ya dharura, lakini usikae kusubiri, anza kumpoza hapo hapo: mtoe juani, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima huku mtu mwingine anampepea, barafu kama ipo weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Parasetamo haisaidii hapa, hii sio homa. Kama hajitambui usimnyweshe kitu, atapaliwa, na asipopumua vizuri waambie wa kwenye simu mara moja. Ambulensi ikifika usiache kummwagia maji mpaka wao wenyewe wapokee hiyo kazi, na waambie ulianza saa ngapi.