Je, wajua wapimaji hujuaje wamefika wapi chini ya barabara za Nairobi?

Tuseme bomba la majitaka limeziba mahali fulani chini ya River Road. Juu kuna lami, matatu, mikokoteni na vibanda. Chini, kando ya bomba hilo, kuna mabomba ya maji safi, nyaya za umeme na za intaneti. Mafundi wakichimba mita 3 kando ya palipoziba, barabara imevunjwa bure, na huenda wakapasua bomba la maji ya kunywa. Sasa, mtu asiyeona kilichoko chini anajuaje kwamba tatizo liko mita 37 kutoka kwenye chemba (shimo lenye kifuniko la kukagulia bomba), na si mita 34?

Wengi hufikiria simu. Lakini setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yake hufika huku yakiwa yamechoka kabisa. Paa la mabati huyazuia. Zege lenye nondo, au udongo mweusi wa pamba wa Eastlands ukiwa umeloa, huyameza yasifike popote. Ramani ya simu inaweza kuendelea kuonyesha kitone cha bluu ukiwa ndani ya mtaro, ila mara nyingi kitone hicho ni mahali ilipopata mawimbi mara ya mwisho. Chini ya ardhi njia ya msingi ni hii: unaanzia mahali panapojulikana, unapima kipande, unapima kingine, unajumlisha.

Tepu ya mita 30 bado inafanya kazi nzuri kwenye mtaro ulionyooka. Shida yake ni kona. Ukiivuta ikaze, huenda kulalia ukuta wa ndani wa kona, na kipimo kinatoka kifupi kuliko njia yenyewe. Gurudumu la kupimia, lile la mpini mrefu ambalo kila mzunguko wake ni mita 1, linapita kona vizuri, ila kwenye matope huteleza bila kuzunguka na hesabu inapungua. Likikutana na mawe, hupanda na kushuka, na hesabu inaongezeka. Kwa hiyo gurudumu hilo hilo linaweza kudanganya pande zote mbili katika mtaro mmoja.

Leza ndogo ya mkononi imerahisisha mambo sana. Mwanga huenda na kurudi mita 10 kwa muda wa sehemu 67 tu za sekunde iliyogawanywa mara bilioni, na vifaa vingi vya mkononi hukadiria umbali kwa kulinganisha mdundo wa mwanga uliotoka na ule uliorudi. Pakavu, kosa ni milimita chache. Mtaroni kuna mvuke, na kuta zenye maji huutupa mwanga kando badala ya kuurudisha. Ndiyo maana mwenye uzoefu hubeba kibao cheupe, mwenzake akakishika mbele, leza ikapigwa hapo.

Kwenye mabomba membamba haingii mtu. Inaingia kamera ya magurudumu inayovuta kebo, na kihesabio kwenye ngoma ya kebo huandika mita kwenye skrini. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu makosa mengi yanazaliwa kwenye sifuri. Je, sifuri imewekwa katikati ya chemba, au mdomoni mwa bomba? Chemba ikiwa na upana wa mita 1.2, tofauti ni sentimita 60, nayo inatosha kabisa kukosea mahali pa kuchimba. Kisha kuna kebo yenyewe: kamera ikirudi nyuma kidogo, kebo hulegea, na namba haiko sawa tena na mahali kamera ilipo. Anayeijua kazi huivuta ikaze kwanza, ndipo asome.

Kamera ilichukua nafasi ya watu kwa sababu nyingine pia. Gesi ya majitaka yenye harufu ya mayai viza hulemaza pua inapozidi, hivyo mtu huacha kuisikia wakati ule ule inapokuwa hatari zaidi. Na kwenye mitaro ya mvua, jua likiwaka mjini si ushahidi wa usalama. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ardhi inateremka kuelekea mashariki, na mvua iliyonyesha juu huko inashuka huku. Usiingie mtaroni kwa udadisi, hata ukiwa na tepu na tochi nzuri.

Kupata uhakika, wapimaji hufunga kisambaza mawimbi kidogo kwenye kamera. Mawimbi yake ni ya taratibu, mengine ya marudio 512 tu kwa sekunde, na kwa sababu hiyo hupenya udongo na hata bomba la chuma ambalo mawimbi ya GPS hayawezi kabisa. Mtu anayetembea barabarani na kipokezi hutafuta mahali mawimbi yana nguvu zaidi, anapaka rangi hapo, na kipokezi kinamkadiria pia kina. Namba ya kebo na alama ya rangi zikitofautiana, haichimbwi bado. Chemba nazo husaidia, kwani kila moja ni mahali panapoweza kupimwa upya kutoka juu, na kosa lililokusanyika njiani linaishia hapo. Mbaya ni pale kifuniko kinapofunikwa na lami mpya: mtu hulazimika kukisaka kwa kigunduzi cha metali.

Kwenye njia ndefu zisizo na chemba, umbali si tatizo kubwa tena. Tatizo ni mwelekeo. Ukikosea digrii 1 tu, baada ya mita 100 umekwenda kando kwa karibu mita 1.75, na kila mita inayofuata inazidisha. Dira haitegemeki karibu na nondo. Haitegemeki pia kwenye miamba ya volkano yenye chuma, kama ile ya pango la Leviathan kwenye Milima ya Chyulu, bomba la lava lililopimwa zaidi ya kilomita 11. Wapima mapango husoma dira kwenda mbele, kisha husoma tena kutoka upande wa pili kurudi nyuma. Namba zisipolingana, mwamba umeivuta sindano.

Kwa mahandaki ya reli, kama lile la kilomita 4.5 linalopita chini ya Ngong kuelekea Naivasha, hutumika ile mashine ya miguu mitatu inayopima pembe na umbali kwa pamoja. Palipo parefu zaidi huongezwa jairoskopu, ambayo hutafuta kaskazini kwa mzunguko wa dunia na haijali chuma chochote. Kwa mbinu hizo, Waingereza na Wafaransa waliochimba handaki chini ya bahari inayotenganisha nchi zao, kutoka pande mbili, walikutana Desemba 1990 wakiwa wamepishana milimita 358 kando na milimita 58 tu kwa kimo.