Ruwaza za usanifu wa programu: yanayoaminiwa na ukweli wake

Vijana wengi wanaoandika programu hapa Mwanza wanazijua kwa majina ruwaza za usanifu, yaani njia zinazojulikana za kutatua matatizo yanayojirudia katika kupanga programu, na pamoja na majina wamepokea imani ambazo zinawagharimu.

Kubwa kuliko zote ni kwamba ruwaza huondoa ugumu wa mfumo. Haiuondoi, inauwekea mpaka. Chukua programu ya mauzo ya samaki pale Mwaloni Kirumba. Muuzo mmoja unagusa mizani, bei, ushuru, malipo ya simu na risiti. Kila skrini ikiziita sehemu hizo tano yenyewe, siku ushuru ukibadilika utapekua skrini zote. Ruwaza ya Fasadi huweka mbele klasi moja (fungu la msimbo, yaani la maandishi ya programu) yenye agizo moja, "uza", na zile tano zikabaki nyuma yake zikifanya kazi ileile. Hakuna hesabu iliyopungua. Kilichopungua ni mahali ambapo mtu analazimika kuijua hesabu hiyo, na kwa atakayerithi msimbo wako hiyo ni nafuu kubwa. Adapta, klasi inayotafsiri namna moja ya kuita kuwa nyingine, nayo ni hivyo hivyo. M-Pesa na Airtel Money kila moja ina namna yake ya kuitwa, basi kila moja iandikiwe adapta yake, zote ziitikie "lipa". Ukija mtandao wa tatu, unaongeza adapta bila kugusa Fasadi.

Wengine hudhani ruwaza ni msimbo wa kunakili. Kitabu cha mwaka 1994 cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides kilieleza ruwaza 23, mifano ikiwa ya lugha za programu za C++ na Smalltalk, lakini kila ruwaza imeelezwa pia tatizo lake, mahali inapofaa na matokeo yake, yakiwemo mabaya. Sehemu hiyo ya matokeo ndiyo wanafunzi huiruka, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko michoro yote.

Je, ruwaza zikiwa nyingi ndiyo ubora? Hapana. Dagaa wanauzwa kwa gunia, sangara kwa kilo. Kanuni mbili za bei zisizobadilika zinatoshwa na sharti moja la "ikiwa". Stratejia, ruwaza inayoipa kila kanuni klasi yake, ina kazi pale kanuni zinapozidi kuongezeka, na hata hapo, kwenye lugha ya Python mara nyingi inatosha kupitisha fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja. Mwaka 1996 mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig alionyesha kuwa ruwaza 16 kati ya zile 23 hurahisika au hutoweka kabisa katika lugha kama Lisp na Dylan.

Halafu kuna Singletoni, ruwaza inayohakikisha klasi inaunda obijekti (kitu kinachotengenezwa kutokana na klasi) moja tu, nayo inapendwa kwa kuwa ni rahisi kuandika. Watu huiona salama kwa sababu obijekti ni moja tu. Lakini obijekti hiyo inafikiwa na kubadilishwa kutoka popote, na unapoipima programu, jaribio moja huacha uchafu unaoangusha jaribio linalofuata. Gamma mwenyewe alisema mwaka 2009 kwamba angependa iondolewe. Badala yake, tengeneza obijekti ya ushuru mara moja programu inapoanza, kisha uipitishe kwenye konstrakta (sehemu inayounda obijekti) ya kila klasi inayoihitaji. Jaribio la sangara litapata ushuru wake, la dagaa wake, na kila moja litaendeshwa peke yake.